Vinara wa mitutu miwili: bunduki za marisau za Marekani zilizovunja rekodi

Oktoba 2010, katika mji mdogo wa Fairfield, jimbo la Maine, dalali aligonga nyundo yake na bunduki moja ya marisau ikawa imeuzwa kwa dola 862,500. Hadi siku hiyo hakuna bunduki ya aina yake iliyokuwa imefikisha bei hiyo mnadani. Haikuwa kazi ya mafundi mashuhuri wa London. Ilitoka Philadelphia, kiwanda cha A. H. Fox, na karne moja kabla ya mnada huo ilikuwa imeshuka melini Mombasa, ikapanda treni ya reli ya Uganda na kuelekea bara.

Wakusanyaji wa bunduki za kale za Marekani wana vinara wao wengi: iliyouzwa ghali kuliko zote, iliyo adimu, iliyo imara, iliyopotea muda mrefu. Nimewachagua wale ambao habari zao zinanivuta. Jambo moja linajirudia kwao wote, nalo ni kwamba dhahabu na nakshi huipandisha bunduki bei hadi mahali fulani tu. Kutoka hapo kwenda juu, kinachoipandisha ni maandishi: leja ya kiwanda, kadi ya oda, barua ya mwenyewe, jina lililochongwa kwenye mtutu. Bunduki isiyo na karatasi hubaki chuma na mbao, hata iwe nzuri namna gani.

Kwa asiyezijua, hizi ni bunduki za kuwindia ndege. Mitutu yake miwili imelala kando kwa kando, na bunduki hufunguka kwa kuinama katikati ili itiwe risasi mbili zilizojaa marisau. Upana wa mtutu hupimwa kwa geji. Chukua ratili moja ya risasi ghafi, igawe ifanye vitufe 12 vilivyo sawa. Kitufe kimoja kinachopita ndani ya mtutu ndicho kipimo cha geji 12. Ndiyo maana geji 8 ni pana kuliko geji 12, na geji 28 ni nyembamba kuliko zote hizo. Zama zake za fahari zilianza miaka ya 1870 zikaishia karibu na Vita Kuu ya Pili, na majina yanayotajwa kwanza ni Parker, Fox, L. C. Smith, Lefever na Ithaca, kisha Winchester aliyekuja mwishoni.

Iliyouzwa ghali: Fox ya Roosevelt

Ansley Fox alikuwa mlengaji wa mashindano kabla ya kuwa mwenye kiwanda, na matangazo yake yalidai waziwazi kwamba bunduki ya Fox ndiyo bora kuliko zote duniani. Theodore Roosevelt alipotoka Ikulu ya Marekani Machi 1909 na kujiandaa kuja Afrika Mashariki kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, Fox aliona nafasi yake. Alimpa bunduki ya geji 12 ya daraja la FE, daraja la juu la kiwanda hicho, imejaa nakshi na imeandikwa kwa ajili ya mpokeaji wake.

Roosevelt alishuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 akiwa na mwanawe Kermit na wataalamu watatu wa viumbe. Safari ilimalizikia Khartoum Machi 1910. Kwa wanyama wakubwa alikuwa na bunduki za risasi moja moja, mojawapo ikiwa Holland & Holland ya mitutu miwili aliyopewa zawadi na Waingereza. Fox ilikuwa na kazi nyingine: kanga na kwale wa kitoweo, na ndege wa makumbusho. Msafara ulipeleka Washington vielelezo zaidi ya 23,000 vya wanyama na mimea, na zaidi ya 4,000 kati ya hivyo ni ndege. Wengi wao walikusanywa na daktari wa msafara, Edgar Mearns. Ndege mdogo anayetakiwa ngozi na manyoya yake yakiwa salama hapigwi na kitu kingine ila marisau madogo kama chembe za mtama, kwa hiyo bunduki za marisau zilikuwa chombo cha kisayansi katika safari ile, sawa na chumvi ya kukaushia ngozi.

Katika kitabu chake cha safari Roosevelt aliisifu Fox yake bila kujizuia, na kampuni ikaitumia sifa hiyo kwenye matangazo. Humo humo aliwataja wachukuzi wake wa bunduki, Muhamadi na Bakari. Mimi husimama hapo kila ninapoisoma habari hii. Wakusanyaji hupenda kuorodhesha mikono iliyoishika bunduki, kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mnunuzi wa mwisho, na orodha hiyo ndiyo inayolipiwa. Kwa miezi kadhaa ya 1909 na 1910, waliozibeba, kuzifuta vumbi na kuzitunza silaha za Roosevelt katika nyika za Kapiti, Sotik na Naivasha walikuwa hao wawili na wenzao. Watafiti wa Marekani wanaijua kadi ya kiwanda na wanamjua rais. Upande wa Mombasa na wapagazi wake bado unasubiri mtafiti anayesoma Kiswahili.

Bunduki ya daraja lilelile la FE isiyo na jina la Roosevelt huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya dola 862,500. Tofauti yote iliyobaki ililipwa kwa ajili ya historia iliyothibitishwa.

Iliyopotea na kuonekana: Bo-Whoop

Ningeombwa nitaje bunduki moja tu ya Kimarekani ya mitutu miwili, nisingetaja ya Roosevelt. Ningetaja ya Nash Buckingham.

Buckingham alikuwa mwandishi wa Memphis, Tennessee, aliyeandika maisha yake yote juu ya bata wa mto Mississippi na mabwawa ya Arkansas. Miaka ya 1920 alitengenezewa bunduki na Burt Becker, fundi wa Philadelphia aliyekuwa bingwa wa kuchonga mitutu ya Fox. Ilikuwa ya geji 12, mitutu ya inchi 32, na uzito wake ulikaribia kilo nne na nusu. Chemba zake zilichukua risasi ndefu ya inchi 3 wakati ambapo bunduki nyingi zilichukua fupi zaidi.

Ubora wa mtutu wa namna hiyo hupimwa hivi: unapiga karatasi iliyo umbali wa yadi 40, kama mita 36, unachora duara la kipenyo cha inchi 30, kisha unahesabu ni marisau mangapi yameingia ndani ya duara. Mtutu uliobanwa vizuri mdomoni huingiza asilimia 70. Becker alikuwa akiwaahidi wateja asilimia 80. Bunduki ya Buckingham ilisemekana kufika 90. Rafiki yake mmoja aliusikia mlio wake mzito ukivuma juu ya maji, akaipa jina la Bo-Whoop kwa kuuiga mlio huo.

Tarehe 1 Desemba 1948 Buckingham alikuwa akirudi kutoka kuwinda karibu na Clarendon, Arkansas. Askari wa wanyamapori walilisimamisha gari, wakakagua leseni, wakaomba kuiona bunduki maarufu. Ikashikwa, ikatazamwa, ikawekwa juu ya madigadi ya gari. Maneno ya kuagana yalipokwisha gari likaondoka, na bunduki ikabaki pale juu. Walipokumbuka wakageuza, wakapekua barabara yote, lakini haikuwapo. Buckingham alitangaza, akaahidi zawadi, akaandika, akauliza. Rafiki zake walimtengenezea nyingine. Alifariki mwaka 1971 akiwa na umri wa miaka 90 bila kuiona tena ile ya kwanza.

Zaidi ya miaka 50 baada ya kupotea, mtu mmoja alimpelekea fundi bunduki wa South Carolina bunduki kuukuu ya babu yake akitaka itengenezewe kitako. Babu aliinunua rahisi katika miaka ya 1950 kwa kuwa kitako chake kilikuwa kimevunjika. Fundi alipoifuta mitutu akasoma maandishi: jina la Becker, na jina la Buckingham kwamba ndiye aliyetengenezewa. Kila mkusanyaji wa Marekani aliijua hadithi ile, na huyu fundi aliijua pia. Machi 2010 iliuzwa Fairfield, katika jumba lilelile la mnada na mwaka uleule wa Fox ya Roosevelt, kwa dola 201,250. Aliyeinunua alikuwa mwana wa ubatizo wa Buckingham, naye akaikabidhi kwa Ducks Unlimited, shirika la kuhifadhi maeneo ya ndege wa majini lenye makao yake Memphis.

Kitako kilikuwa kimebadilika na rangi ya mitutu ilikuwa imekwisha. Kwa kanuni za kawaida za ukusanyaji kasoro hizo zingeiangusha bei vibaya, kwa sababu wakusanyaji hawa wanathamini uasili kuliko ung'aavu. Bunduki iliyopakwa upya hupoteza thamani hata kama imependeza zaidi. Bo-Whoop iliivunja kanuni hiyo kwa mstari mmoja wa maandishi juu ya mtutu.

Adimu kuliko zote: Parker Invincible

Charles Parker wa Meriden, Connecticut, alianza na vinu vya kusagia kahawa na vifaa vya milango. Alipata kuwa meya wa kwanza wa Meriden, na baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kiwanda chake kiligeukia bunduki za marisau. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 hadi 1942 Parker walitengeneza bunduki zinazokaribia 242,000. Katika idadi hiyo yote, za daraja la Invincible zinazojulikana ni tatu tu.

Zilitengenezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, juu ya daraja la A-1 Special ambalo tayari lilikuwa la matajiri. Zimechorwa kwa mkono na kutiwa dhahabu, na zote tatu zilipata kukusanywa pamoja na kuonyeshwa katika makumbusho ya silaha ya Fairfax, Virginia. Nina hakika zikigawanywa leo na kuuzwa moja moja zitagombaniwa vikali, lakini ni heri zikae pamoja: ukiwa nazo tatu unaweza kulinganisha mikono ya wachongaji, na hilo ni elimu ambayo moja peke yake haikupi.

Katika daraja la A-1 Special kuna moja ambayo wakusanyaji huiita Parker ya Mfalme wa Urusi. Iliagizwa kwa ajili ya Nicholas II. Vita ya 1914 ikazuka kabla haijasafirishwa, ikabaki Marekani.

Colt nao wana nafasi katika orodha ya uchache. Kampuni hiyo ya bastola ilitengeneza bunduki za marisau za mitutu miwili kwa muda mfupi, modeli ya 1878 yenye nyundo za nje na ile ya 1883 isiyo na nyundo. Kutokana na ile ya 1878 zilitengenezwa chache, yapata 40, zenye mitutu ya kupiga risasi moja moja kama za kuwindia simba na nyati. Inasemwa zilitokana na shauku ya Caldwell Colt, mtoto wa mwanzilishi, aliyependa jahazi za mashindano na bunduki kuliko kazi ya kiwandani.

Pana na nyembamba

Kati ya bunduki pana, inayotajwa sana ni Colt ya 1883 ya geji 8 aliyokuwa nayo Rais Grover Cleveland, mwindaji wa bata asiyechoka. Geji 8 hupiga kwa nguvu na hurudi begani kwa nguvu vilevile, ila Cleveland alikuwa na mwili wa kuihimili.

Hapa lazima nieleze upande usiopendeza. Bunduki nyingi za geji 8 na 10 hazikununuliwa na marais. Zilinunuliwa na wawindaji wa soko, waliojaza mapipa ya bata kutoka ghuba ya Chesapeake na kuyapeleka kwenye hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York. Njiwa wa kuhama wa Amerika ya Kaskazini, aliyewahi kuruka kwa makundi ya mabilioni, alimalizwa na nyavu, shoka na bunduki. Wa mwisho alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria ya ndege wanaohama, na kanuni zake zikapiga marufuku kuwinda ndege hao kwa mtutu mpana kuliko geji 10. Geji 8 ikafa siku hiyo. Anayekusanya bunduki za zama zile na kuisoma historia yake kwa uaminifu anakusanya pia ushahidi wa maangamizi hayo, na sioni sababu ya kuuficha.

Baada ya sheria ile, ukubwa ulihamia kwenye urefu wa risasi. Mwaka 1932 Ithaca walitoa bunduki ya geji 10 inayochukua risasi ya inchi 3½, kubwa kuliko zote zilizobaki halali kwa bata. Zilitengenezwa chini ya 1,000, na leo kila moja inayopatikana inaandikwa namba na wanaozifuatilia.

Upande wa pili ni Parker ya kipenyo cha inchi 0.410, kama milimita 10. Parker hawakuchukua kiunzi cha bunduki kubwa na kukitia mitutu miembamba, kama walivyofanya wengine. Walikuwa na viunzi vya ukubwa tofauti vilivyopewa namba, na kile cha 0.410 kilikuwa kidogo kuliko vyote, alama yake sifuri tatu. Ukiishika unaona kila kipande kimepunguzwa kwa uwiano: kufuli, nyonga ya kitako, hata mkunjo wa vifyatulio. Ndizo Parker ninazozipenda kuliko za dhahabu.

Imara kuliko zote: Winchester Modeli ya 21

Winchester walichelewa. Walipoitoa Modeli ya 21 mwanzoni mwa miaka ya 1930, mdororo mkuu wa uchumi ulikuwa umeshika na kampuni yenyewe ikafilisika. Familia ya Olin, waliokuwa wakitengeneza risasi, waliinunua Desemba 1931, na John Olin akaamua kwamba bunduki hii haitakufa.

Ili kuwashawishi wanunuzi, kampuni ilikusanya bunduki za mitutu miwili za watengenezaji wengine, za Marekani na za nje, ikazipiga kwa risasi za majaribio zinazozidi nguvu ya kawaida kwa karibu nusu. Zote zilivunjika au kulegea. Modeli ya 21, iliyotolewa tu kutoka kwenye uzalishaji, ilipigwa risasi 2,000 za namna hiyo bila kulegea. Jaribio lilifanywa na muuzaji, kwa hiyo msomaji ana haki ya kulipima, ila muundo wenyewe unaeleza matokeo. Katika bunduki nyingi mitutu hushikanishwa kwa kuyeyushia madini kwenye moto mkali, na moto huo hulainisha chuma. Winchester walichonga mfereji na ulimi katika mitutu miwili ya chuma cha kromu na molibdenamu, wakaipachika kama seremala anavyopachika droo, bila moto huo.

Kwa miaka mingi kampuni iliiuza bila faida ya maana, na uzalishaji wa kawaida ulisimama mwishoni mwa miaka ya 1950. Baada ya hapo zilitengenezwa kwa oda maalumu tu. Jumla yake ilizidi kidogo 30,000. Winchester haohao waliuza karibu milioni mbili za Modeli ya 12, bunduki ya mtutu mmoja inayojazwa kwa kuvuta mpini. Hesabu hizo mbili zinatosha kueleza kilichowaua Parker, Fox na wenzao. Mitutu miwili inataka fundi wa kuilinganisha kwa mkono ili yote miwili ipige mahali pamoja, na mshahara wa fundi huyo haukulipika tena.

Iliyojenga ghorofa ndefu

Lyman Cornelius Smith wa Syracuse, New York, alitengeneza bunduki kwa muda usiofika miaka 15. Fundi wake, Alexander Brown, alibuni bunduki, kisha akabuni na taipureta. Smith na ndugu zake wakaona mashine ya kuandikia ina soko kubwa zaidi. Karibu na 1889 wakauza kiwanda cha bunduki kwa ndugu wa familia ya Hunter, waliokihamishia Fulton na kuendelea kutumia jina la L. C. Smith. Utajiri wa taipureta ndio uliojenga Smith Tower huko Seattle, lililofunguliwa Julai 1914. Lilikuwa jengo refu kuliko yote magharibi ya mto Mississippi, na rekodi hiyo ilidumu hadi 1931. Smith mwenyewe alikuwa amefariki 1910.

Bunduki iliyobaki na jina lake ina sifa ya pekee kati ya zile kubwa za Marekani: mtambo wa kufyatulia umefungwa kwenye bamba mbili za pembeni, kwa mtindo wa London, badala ya kufichwa ndani ya kiunzi. Bamba hizo zikawapa wachongaji uwanja mpana, na ndiyo sababu L. C. Smith za madaraja ya juu zina mbwa na ndege waliochorwa kwa ufundi wa ajabu. Kiwanda cha Fulton kilinunuliwa na Marlin mwaka 1945. Januari 1949 sakafu ikaporomoka chini ya uzito wa mashine, na haukupita muda uzalishaji ukakoma.

Yenye nguva wa dhahabu

John Philip Sousa, mtunzi wa muziki wa bendi za jeshi anayejulikana kuliko wote Marekani, alikuwa pia mpenzi mkubwa wa kulenga sahani za udongo. Ithaca walilipa jina lake daraja lao la juu, na kitambulisho chake ni nguva wa dhahabu aliyepachikwa kwenye chuma. Ni bunduki chache zilizotiwa nguva huyo.

Annie Oakley, mlengaji wa maonyesho ya Buffalo Bill, hakuacha jina lake kwenye daraja lolote la kiwanda, ila mwaka 2012 Parker iliyokuwa yake iliuzwa Dallas kwa dola 143,400. Ilitoka kwa wazao wa familia yake. Mlolongo huo wa umiliki ulikuwa karatasi tosha.

Zinazoghushiwa sana

Hapa kinara hana mpinzani: bunduki fupi zenye mhuri wa kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo, za walinzi wa magari ya farasi yaliyobeba dhahabu. Za kweli zipo. Za uongo ni nyingi mno, kwa sababu mhuri ni rahisi kupigwa na bunduki kuukuu ya bei ndogo ni rahisi kupatikana. Ughushi wa pili ni wa kimyakimya zaidi: bunduki ya daraja la chini huchorwa upya na kuuzwa kuwa ya daraja la juu.

Dawa ya yote mawili ni leja. Parker waliandika kila oda na kila bunduki iliyotoka, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo imesalia. Chama cha wakusanyaji wa Parker huwatolea wenye bunduki barua inayotaja daraja, geji, urefu wa mitutu, aliyeagiza na tarehe ya kusafirishwa. Kumbukumbu za L. C. Smith na za Modeli ya 21 ziko katika makumbusho ya Buffalo Bill huko Cody, Wyoming. Fox waliacha kadi. Hata Trojan, Parker ya bei nafuu iliyoanza kuuzwa 1912 kwa wakulima na wafanyakazi, ina mstari wake kitabuni sawa na Invincible.

Kabla ya kuomba barua, mtafiti huifungua bunduki, huitoa mitutu na kusoma sehemu bapa za chini yake. Kwenye Parker atakuta namba ya bunduki, alama ya daraja, namba ya kiunzi, na hata uzito wa mitutu ilipokuwa bado haijasuguliwa, kwa ratili na aunsi. Mitutu ikiwa nyepesi kupita kiasi ukilinganisha na uzito huo, kuna mtu amekwisha kuisugua. Namba humwambia pia mwaka, na mwaka una uzito wa kisheria: chini ya sheria ya silaha ya Marekani ya 1968, bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa kuwa kitu cha kale na hutoka katika masharti mengi ya shirikisho.

Ngumu kuliko zote kutafiti: Lefever

Daniel Lefever, aliyefahamika kama Mjomba Dan, ndiye anayetajwa kuleta bunduki ya kwanza ya Kimarekani isiyo na nyundo za nje, mwaka 1878. Mwanzoni nyundo za ndani zilitegwa kwa wenzo wa pembeni. Baada ya miaka michache akabuni mtambo unaojitega bunduki inapofunguliwa. Bawaba yake ilikuwa kitufe cha chuma kilichokaa juu ya skrubu. Bunduki ikilegea kwa kutumika miaka mingi, unakaza skrubu na mitutu inakaa sawasawa tena. Wakusanyaji wengi, nami nikiwa upande wao, huona hakuna Mmarekani mwingine aliyefikiri kwa kina namna hiyo juu ya bunduki itakayorithiwa. Kampuni yenye jina lake ilifikia kutangaza daraja lililoitwa kwa bei yake, dola 1,000, ghali kuliko Ford Modeli T ya kwanza, iliyouzwa kwa dola 850.

Lakini Lefever aliondoka katika kampuni iliyobeba jina lake, akaanzisha nyingine na wanawe, akafariki 1906. Kampuni ya kwanza ikanunuliwa na Ithaca katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika kuhama huko, kumbukumbu zilizobaki ni chache mno. Hakuna leja kamili ya kuulizwa wala barua ya kumpa mwenye bunduki hakika kama ile ya Parker. Kwa hiyo watafiti wa Lefever wanafanya kazi kinyumenyume: wanaanza na bunduki zilizopo. Kila moja inayoonekana inaandikwa namba, geji, daraja, aina ya chuma cha mitutu na mabadiliko ya mtambo wake, kisha inalinganishwa na katalogi za miaka ile na matangazo ya magazeti ya uwindaji, hadi mpangilio wa miaka ujitokeze wenyewe. Bunduki ya daraja la chini, iliyochakaa, yenye kutu, ina thamani katika kazi hiyo sawa na ile ya dola 1,000, mradi namba yake inasomeka.